Presha Nyumbani: Maswali Kuhusu Vipimo, Dawa na Mfuko wa Familia

Haya ndiyo maswali yanayorudi kila mara familia inapoambiwa kwamba mmoja wao ana presha. Mengi ni ya afya na mengine ni ya fedha, na yamewekwa pamoja kwa makusudi. Watu wengi huacha dawa kwa sababu ya fedha, kisha fedha za nyumba nzima huisha kwa sababu mtu aliacha dawa. Majibu hayachukui nafasi ya daktari wako, ila yatakusaidia kujua cha kumwuliza.

## Kuielewa namba

1. Zile namba mbili zinasema nini?

Presha ni nguvu ambayo damu inazisukuma nayo kuta za mishipa. Namba ya juu ni nguvu hiyo moyo unapojibana kusukuma damu, na ya chini ni nguvu inayobaki moyo unapolegea kabla ya pigo linalofuata. Hupimwa kwa milimita za zebaki, jina lililobaki kutoka enzi za Scipione Riva-Rocci, daktari wa Italia ambaye mwaka 1896 alieleza kifaa chenye mkanda wa kufunga mkononi na mrija wa zebaki. Mashine nyingi za leo hazina zebaki hata tone.

Kwa hiyo kila aliye hai ana presha. Tunaposema "fulani ana presha" tunamaanisha imepanda na imekaa huko huko juu.

2. Ni kuanzia namba ngapi?

Kwa Shirika la Afya Duniani ni 140 kwa 90 au zaidi, ikionekana katika siku mbili tofauti. Namba moja kati ya hizo mbili ikivuka inatosha, kwa hiyo mwenye 150 kwa 80 asijifariji kwa ile ya chini. Ukipima mwenyewe nyumbani, ambako watu huwa wametulia zaidi, mstari unaotumika sana ni 135 kwa 85. Wataalamu wa Marekani waliushusha wa kwao hadi 130 kwa 80 mwaka 2017.

Tofauti hizi huwafanya watu waseme madaktari wenyewe hawaelewani. Ukweli ni kwamba hatari haianzi ghafla kwenye namba fulani. Inapanda polepole, na binadamu ndio wanaoamua wachore mstari wapi. Wewe fuata lengo ulilopewa na anayekutibu, maana mwenye kisukari au ugonjwa wa figo anaweza kupangiwa lengo tofauti na la jirani yake.

3. Mbona sijisikii vibaya?

Kwa sababu presha kwa kawaida haina dalili. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu wazima bilioni 1.28 wenye umri wa miaka 30 hadi 79 wana presha ya juu, na asilimia 46 kati yao hawajui. Kichwa kuuma si kipimo. Wapo wenye 170 wanaolala usingizi mzuri, na wapo wenye 115 ambao kichwa huwagonga kila jioni. Wakati huo huo mishipa ya ubongo, moyo, figo na macho inaendelea kuchakaa bila kelele.

4. Hospitalini inapanda, nyumbani iko sawa. Nani anadanganya?

Hakuna. Kuna watu ambao kumwona tu mhudumu wa afya kunawapandisha. Kuna na kinyume chake, ambacho kina hatari zaidi: kliniki namba nzuri, nyumbani na kazini namba mbaya. Hali zote mbili hujulikana kwa kupima nyumbani kwa utaratibu (swali la 6) na kumpelekea daktari daftari lako.

5. Mzazi wetu ana presha. Sisi watoto je?

Mna uwezekano mkubwa zaidi wa kuipata, kwa kurithi na kwa sababu mmekula kwenye sufuria moja kwa miaka mingi. Mtu mzima yeyote katika familia hiyo apime walau mara moja kwa mwaka, hata akiwa kijana mwembamba anayecheza mpira. Kipimo chenyewe ni cha dakika chache.

## Kupima nyumbani

6. Nipimeje ili namba iwe ya kweli?

Hapa ndipo makosa mengi yanapotokea, na kosa dogo linaweza kumfanya mtu aongezewe dawa asiyoihitaji.

Kwa nusu saa kabla ya kupima usinywe kahawa wala chai ya rangi, usivute sigara, usifanye mazoezi. Nenda haja ndogo kwanza, kwa sababu kibofu kilichojaa hupandisha namba. Kaa kwenye kiti chenye mgongo, uegemee, nyayo zote mbili zikanyage sakafu, miguu usiipishanishe. Tulia hivyo dakika 5. Mkono uwekwe juu ya meza, mkanda ukiwa usawa wa moyo na umefungwa juu ya ngozi tupu. Kufunga juu ya sweta, au kukunja shati hadi likabana mkono kwa juu, kunaharibu kipimo. Kisha kaa kimya. Kuzungumza na kujibu simu hupandisha namba, na hili ndilo watu hulisahau kuliko yote.

Pima mara mbili ukiacha dakika moja katikati, asubuhi kabla ya dawa na jioni, kwa siku 7. Andika kila namba, pamoja na zile zisizokupendeza. Mwishoni achana na za siku ya kwanza, tafuta wastani wa zilizobaki. Wastani huo ndio presha yako.

Mara ya kwanza kabisa pima mikono yote miwili, na kuanzia hapo utumie ule wenye namba kubwa. Tofauti ikizidi 10 mara kwa mara, mwambie daktari.

7. Tununue mashine ya aina gani?

Ya kufunga juu ya kiwiko. Za kwenye kifundo cha mkono hukosea kirahisi mkono usipokuwa usawa wa moyo. Uliza kama aina hiyo imethibitishwa usahihi wake kwa majaribio, na hakikisha mkanda unakutosha: mkanda mdogo kwenye mkono mnene hutoa namba kubwa kuliko ukweli. Ukienda kliniki nenda nayo, ilinganishwe na ya kwao. Kwa familia yenye wagonjwa wawili, mashine inayotunza kumbukumbu za watu wawili huondoa ugomvi wa "hii ni yako au ni yangu".

8. Nimepima mara tatu, nimepata namba tatu tofauti. Imeharibika?

Huenda haijaharibika. Presha hubadilika kila dakika. Ndiyo maana tunatumia wastani, na ndiyo maana hakuna sababu ya kupima mara 15 kwa siku. Hofu ya namba nayo hupandisha namba.

9. Usiku wa manane mashine imeonyesha 190 kwa 122. Nifanye nini?

Kaa, tulia dakika 5, pima tena kama swali la 6 linavyoelekeza. Ikibaki 180 kwa 120 au zaidi, jiulize kama una jambo jingine lolote: maumivu ya kifua, kuishiwa pumzi, upande mmoja kufa ganzi au kukosa nguvu, kuona vibaya, kuchanganyikiwa, ulimi kuwa mzito. Likiwepo hata moja, ni dharura. Nenda hospitali usiku huo huo. Kama hakuna, wasiliana na mhudumu wako mapema, siku hiyo hiyo, kwa marekebisho ya dawa.

Usimeze dozi mbili kwa mpigo, na usiweke kidonge cha presha chini ya ulimi kwa sababu jirani alifanya hivyo akapona. Kuishusha ghafla kunaweza kuunyima ubongo damu.

## Chumvi, mwili na mawazo

10. Chumvi kiasi gani?

Chini ya gramu 5 kwa siku kwa mtu mzima, yaani pungufu ya kijiko kimoja cha chai, ikihesabiwa chumvi yote. Watu huondoa kopo la chumvi mezani wakadhani wamemaliza, kumbe nyingi inaingia kupitia mkate, nyama za kusindikwa, vitafunwa vya pakiti na viungo vya supu. Kwenye pakiti mara nyingi imeandikwa sodiamu, si chumvi; zidisha kwa 2.5 upate chumvi.

Ile chumvi mbadala yenye potasiamu huwasaidia wengi, lakini mwenye ugonjwa wa figo au anayetumia dawa zinazopandisha potasiamu aulize kwanza. Potasiamu ikizidi inaweza kuvuruga mapigo ya moyo.

11. Mazoezi na kupunguza uzito vinasaidia kweli?

Ndiyo. Dakika 150 kwa wiki za kutembea kwa haraka zinatosha kuanzia, na kwa mwenye uzito uliozidi, kila kilo inayopungua huishusha presha kwa takriban milimita moja. Sigara na pombe hazihitaji maelezo marefu: ya kwanza acha, ya pili punguza sana, na kuacha kabisa ni bora zaidi.

12. Si ni mawazo tu? Watu wananipandisha presha.

Lugha yetu yenyewe imechangia kuuchanganya ugonjwa na hasira. Ukigombana, presha hupanda kweli, kisha hushuka. Ugonjwa ni ile inayobaki juu hata ukiwa umetulia kitini. Kupunguza msongo na kulala vya kutosha ni kuzuri kwa kila mtu, ila usiahirishe dawa ukisubiri wanaokuudhi wabadilike.

## Dawa

13. Nikianza, ndiyo nimeingia maisha?

Mara nyingi ndiyo, ila si kila mara. Wapo waliopunguza uzito na chumvi hadi daktari akapunguza dozi, wachache wakaachishwa kabisa. Kosa ni kujiachisha mwenyewe namba zinapokuwa nzuri. Namba ni nzuri kwa sababu dawa ipo. Vidonge vingi hufanya kazi kwa takriban siku moja. Baadhi, kama atenololi, zikikatwa ghafla zinaweza kuushtua moyo vibaya.

14. Zinanisumbua. Nivumilie?

Usivumilie kimya kimya, na usiache kimya kimya. Enalaprili na ndugu zake huleta kikohozi kikavu kwa baadhi ya watu. Amlodipini huweza kuvimbisha vifundo vya miguu. Dawa za kukojosha hukufanya uamke usiku, na mara nyingi kuhamishia dozi asubuhi kunatosha. Wanaume wengine hupungukiwa nguvu za kiume, wanaona aibu kusema, wanaacha dawa. Ugonjwa wenyewe nao huleta tatizo hilo hilo. Zipo aina nyingi za dawa hizi, daktari anaweza kubadilisha. La kukimbilia hospitali mara moja ni midomo, ulimi au uso kuvimba.

15. Naweza kuchanganya na dawa za maumivu, mafua au mitishamba?

Ibuprofeni na diklofenaki hupandisha presha na kuzichosha figo, hasa zikitumiwa kwa siku nyingi. Baadhi ya dawa za kufungua pua iliyoziba hupandisha pia. Vidonge vinavyochemka ndani ya maji vinaweza kuwa na sodiamu nyingi kuliko unavyodhani. Kwa mitishamba, kanuni ni moja: mwambie daktari unachotumia, hata kama unajua atakunja uso. Anayeficha ndiye anayedhurika.

16. Nimesahau dozi ya jana.

Meza ya leo kwa saa yake. Usifidie.

17. Nina presha na nataka kupata mtoto, au tayari ni mjamzito.

Mwone daktari kabla ya kushika mimba kama inawezekana. Dawa ambazo majina yake huishia na *pril* au *sartan* zinaweza kumdhuru mtoto tumboni, na hubadilishwa kwa zinazofaa mjamzito, kama methildopa. Ukigundua una mimba huku unazitumia, nenda kliniki bila kuchelewa ili ubadilishiwe.

Hata ambaye hakuwahi kuwa na presha apimwe kila hudhurio. Baada ya wiki ya 20, presha ikipanda pamoja na kichwa kuuma sana, kuona nyota au ukungu, maumivu ya juu ya tumbo upande wa kulia, au uso na mikono kuvimba ghafla, ni dharura. Huenda ni njia ya kuelekea kifafa cha mimba, na kinaweza kutokea pia siku chache baada ya kujifungua.

## Mfuko

18. Tupangeje bajeti ya ugonjwa usioisha?

Kwa mwaka. Familia nyingi hupanga kwa safari moja ya hospitali, ndiyo maana kila hudhurio linakuwa mshtuko. Chukua karatasi uandike: gharama ya vidonge vya siku moja mara 365, idadi ya mahudhurio pamoja na nauli na mshahara unaokatwa siku hiyo, vipimo vya figo, sukari, mafuta na mkojo ambavyo daktari amesema virudiwe, mashine na betri zake. Jumlisha, gawanya kwa 12. Kiasi kinachopatikana kikae kwenye orodha moja na kodi ya nyumba, kisisubiri kitakachobaki mwisho wa mwezi, maana mwisho wa mwezi habaki mtu na kitu.

Uliza pia kama unaweza kuandikiwa dawa za miezi 2 au 3 kwa mkupuo presha ikishatulia. Nauli inayookolewa si haba.

19. Dawa ya bei nafuu inafanya kazi sawa na ile ya jina kubwa?

Ikiwa imesajiliwa na mamlaka ya dawa, ndiyo: kiini ni kile kile na kiasi ni kile kile. Tofauti ni kiwanda, rangi na boksi. Muda wa hakimiliki ya dawa nyingi za presha uliisha zamani, kwa hiyo viwanda vingi vinazitengeneza. Mwambie daktari aandike jina la kitaalamu, kisha umwulize mfamasia iliyo nafuu. Kitu cha kukwepa ni vidonge vinavyouzwa nje ya duka la dawa, vilivyotolewa kwenye pakiti, hata viwe rahisi namna gani.

20. Mwezi huu fedha haitoshi. Nikate vidonge nusu nusu?

Hapana, utakuwa umetumia fedha na bado hujatibiwa. Baadhi ya vidonge havitakiwi hata kukatwa. Mwambie anayekutibu waziwazi: "Hii siimudu." Sentensi hiyo watu huiona aibu, lakini bila hiyo daktari ataona namba zimepanda, atadhani dawa haitoshi, atakuongezea nyingine, na gharama itazidi. Akijua, anaweza kubadilisha aina, kupunguza idadi ya vidonge, au kukuelekeza kwenye kituo chenye nafuu.

21. Bima itatusaidia?

Inaweza, kama umesoma kabla ya kusaini. Uliza: ugonjwa uliokuwepo kabla unalipiwa? Kipindi cha kusubiri ni miezi mingapi? Inalipia dawa za kila mwezi au kulazwa tu? Kikomo cha mwaka ni kiasi gani, nami nachangia kiasi gani kila ninapotibiwa? Bima inayolipia kulazwa peke yake ina faida, ila haiondoi bajeti ya swali la 18.

Usifiche presha kwenye fomu. Mchango utakuwa mdogo kwa miaka kadhaa, kisha siku ya dai kubwa kampuni inapekua faili, inakuta ulishatibiwa, inakataa kulipa. Wakati huo hurudishiwi muda.

22. Akiba ya dharura iwe kiasi gani, na tukope ikiisha?

Ushauri unaozoeleka ni matumizi ya miezi 3 hadi 6. Ni ushauri mzuri unaowakatisha tamaa wengi. Anza na lengo dogo: fedha ya dawa za mwezi mmoja na safari moja ya usiku kwenda hospitali, itunzwe mahali unapoweza kuitoa siku hiyo hiyo. Ukishafika hapo, ongeza.

Mkopo kwa dharura ya kweli hauna aibu. Soma tu riba kwa mwaka mzima, maana asilimia 10 kwa mwezi husikika ndogo hadi uizidishe mara 12. Kukopa kila mwezi kwa ajili ya dawa zile zile ni jambo jingine. Hilo ni dalili kwamba swali la 18 au la 20 halijajibiwa. Mstari uliotumika kwa miaka mingi kupima mzigo wa matibabu ni asilimia 10 ya matumizi ya kaya. Ukiona mmeupita mstari huo, kaeni kikao kabla hamjauza kitu.

## Siku mambo yanapoharibika

23. Tutajuaje kuwa ni kiharusi?

Mwambie atabasamu: uso umepinda upande mmoja? Ainue mikono yote: mmoja unashuka? Aseme sentensi rahisi: maneno yanaburuzika? Jibu la ndiyo kwa moja tu linatosha kuondoka. Tazama saa na uandike dalili zilianza lini, kwa sababu dawa ya kuyeyusha bonge la damu kwa kawaida hutolewa ndani ya muda wa saa 4 na nusu tangu dalili zianze, na lazima ubongo upigwe picha kwanza.

Usimpe maji, chakula wala aspirini. Huenda hawezi kumeza, na huenda ubongo unavuja damu. Dalili zikiisha zenyewe baada ya dakika 10, nendeni vilevile.

24. Kipi kiwe tayari kabla?

Kiharusi humpata mara nyingi yule yule anayejua namba zote za siri za nyumba. Weka kwenye bahasha moja: orodha ya dawa na dozi, daftari la presha, kadi ya bima, namba ya daktari, akiba iko wapi na nani mwingine anaweza kuitoa, madeni mnayodai na mnayodaiwa. Mtu mmoja mzima, mbali na mgonjwa, ajue bahasha iko wapi. Namba za siri zenyewe zisiandikwe humo. Tumia utaratibu wa benki wa kuongeza mtia saini au kutaja mrithi wa akaunti.

25. Mzee wetu amekataa dawa kabisa. Tumlazimishe?

Mtu mzima mwenye akili timamu halazimishwi, na kumsagia vidonge kwenye chakula kwa siri ni hatari. Mara nyingi chini ya "sitaki" kuna sababu: kizunguzungu akisimama, vidonge vingi, rafiki aliyefariki akiwa kwenye dawa hizo, au hataki kuwagharimu watoto. Muulizeni akiwa peke yake na yule anayemwamini, si mbele ya kikao. Kizunguzungu mpelekeeni daktari, maana kwa wazee dozi huweza kuwa kubwa mno. Kama ni gharama, mwonyesheni ile karatasi ya swali la 18, na pembeni yake andikeni kulazwa kwa wiki mbili kunagharimu kiasi gani. Kisha mwacheni aisome mwenyewe, bila kumharakisha.